Herufi Moja

Jumamosi usiku redio ya ng'ambo ya mpaka
ilitufikia Katuba kwa kukwaruza,
kama panya ndani ya gunia la unga,
kisha ikatulia, na yule mzungu akaanza.

Jina lake hatukulijua. Mtangazaji alilitaja upesi
kwa Kibemba cha Kitwe, upepo ukalimeza.
Baba alimpa jina lake mwenyewe:
"Mutulie. Mwenzangu anaanza."

Gitaa lile halikuwa la vijana wa Kamalondo,
la vidole viwili, linalomwita mtu acheze.
Hili liliteleza. Lilihama sauti hadi sauti
bila kunyanyua mguu,
kama mlango wa wodi saa nane za usiku.
Na koo lake zito, lisilo na haraka,
koo la mtu anayefunga vishikizo vya shati
la ndugu yake aliyekufa.

Majirani walikuja na viti vyao.
Mulaj, fundi cherehani, alisema huyu yuko gerezani,
sikilizeni anavyovuta pumzi.
Mama Musao alisema hapana, ni deni.
Mlevi wa pale kona, lutuku ikimnukia hadi kwenye kofia,
alisema analilia mama yake, na yeye mwenyewe akalia,
ikabidi tumsindikize.

Baba hakusema.
Kapend wa tanuru la shaba,
aliyeungua mkono hadi kiwikoni asipige yowe,
aliyepokea barua ya kuachishwa kazi, akaikunja mara nne
akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba,
aliegemeza paji la uso kwenye redio
na mabega yakafanya kazi yao.

Kiingereza chake kilikuwa neno moja: treni.
Lilipopita aliinua kidole.
"Umesikia? Iko anaiita."

Mwaka ule waliposema watu wa Kasai warudi kwao,
mama, Ngalula, mzaliwa wa Katuba,
ambaye kwao palikuwa mlango wa pili kutoka kwetu,
alilala kituoni siku kumi na moja juu ya godoro letu.
Siku ya kumi na mbili godoro lilirudi, limebebwa na baba,
lina umbo lake upande wa kushoto.
Hatukuligeuza.

Nilipokua nikaenda Ndola kununua vitenge,
miaka sita, Kasumbalesa hadi nikajua majina ya mbwa wa forodha.
Kiingereza kiliniingia hivyo, kwa bei na matusi.
Nikarudi Jumamosi moja, nikaketi,
mwenzake baba akaanza,
na kwa mara ya kwanza nikaelewa kila neno.

Farasi. Alikuwa akiimba farasi.
Farasi mzee aliyepotea mvuani,
mvua, mvua, kiitikio kizima ni mvua,
na katika lugha ile mvua na treni
zinaachana kwa herufi moja.

Kidole cha baba kikapanda.
"Umesikia?"

Niliwaza juu ya tanuru, juu ya meza isiyoyumba tena,
juu ya miaka yote hiyo ya kulia mahali pasipo pake.
Ila palikuwa pake. Yule bwana alimwachia nafasi
katikati ya neno na neno,
pana ya kutosha behewa kupita.
"Nimesikia, baba. Anaiita."

Sasa redio ni yangu. Inakula betri kama mtoto wa kunyonya;
zikichoka nazianika juu ya bati zipate jua,
zinanipa wimbo mmoja, mmoja na nusu.
Leo asubuhi nimezianika nikasahau.
Mvua imekuja kutoka upande wa kilima cheusi cha mgodi,
imeanzia kwa Mulaj, imevuka uzio,
imefika juu yangu na magurudumu yake yote.

Watoto wanapiga kelele: mama, betri!
Mutulie, nawaambia.
Mutulie kwanza.